Tenki la Meli na Bomba la Kijiji: Nani Anayalinda Maji Yetu?

Kamati nyingi za parokia na sharika zinapoandika kuomba msaada wa maji, barua zao hufanana. Zinaomba mabomba, saruji, nondo, tenki na koki. Wafadhili nao, wanaposoma barua hizo, huuliza maswali yanayofanana: mradi utagharimu kiasi gani, utahudumia watu wangapi na utakamilika lini? Hakuna ubaya katika maombi hayo wala katika maswali hayo. Ila kuna swali moja ambalo pande zote mbili husahau kulijibu, nalo ni hili: siku bomba likipasuka, nani ataamka asubuhi kwenda kulitengeneza, na kwa fedha ya nani?

Ili kulijibu swali hilo tumeona tuanzie mahali ambapo wasomaji wetu wengi wa Mbeya na Iringa hawapategemei, yaani melini. Mkulima wa Makete au Mufindi anaweza kushangaa meli inamhusu nini. Lakini meli iliyo katikati ya bahari na kijiji kilicho mwisho wa barabara ya milimani vina hali moja inayofanana. Maji yakiisha au yakichafuka, hakuna jirani wa kumkimbilia. Mabaharia wamelijua jambo hilo kwa karne nyingi na wamelitengenezea utaratibu. Vijiji vyetu vingi bado.

MELI INAPATAJE MAJI YA KUNYWA

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mtu akiyanywa, figo zake hulazimika kutumia maji mengi zaidi ya yale aliyokunywa ili kuitoa chumvi hiyo, hivyo kiu huzidi na mwili hukauka. Kwa sababu hiyo meli ya bahari kuu ina njia mbili tu za kupata maji ya kunywa: kuyabeba kutoka bandarini au kuyatengeneza safarini.

Maji ya bandarini huingizwa kwa mpira maalumu unaotumika kwa maji ya kunywa tu. Mpira huo hauruhusiwi kuburutwa sakafuni wala kutumika kuoshea sitaha, na ncha zake hufunikwa ukihifadhiwa. Maji yakiingia hutiwa klorini. Tenki la maji ya kunywa halipaswi kupakana ukuta na tenki la mafuta wala la maji machafu, maana tundu dogo la kutu linatosha kuwaugua mabaharia wote.

Njia ya pili ni kutengeneza maji kutokana na ya bahari. Meli nyingi hutumia joto la injini ambalo lingepotea bure. Maji ya bahari huingizwa katika mtungi wa chuma ulioondolewa hewa, na kwa kuwa hewa ni kidogo humo, maji huchemka yakiwa na nyuzi 40 hadi 60 tu badala ya 100. Mvuke wake hupozwa ukawa maji matamu, na chumvi hubaki. Meli nyingine hutumia mashine inayosukuma maji ya bahari kwa nguvu kubwa mno kupitia chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba maji hupita na chumvi huzuiwa. Vyovyote vile, maji hayo hutiwa dawa kabla ya kunywewa, kwani joto la nyuzi 50 haliui vijidudu vyote. Pia meli haitengenezi maji ya kunywa ikiwa bandarini au karibu na mdomo wa mto, kwa sababu huko bahari ina uchafu wa watu.

Hayo ni mambo ya mitambo. Lakini kwa maoni yetu kinachowaokoa mabaharia ni utaratibu kuliko mitambo. Kila siku mtu aliyepewa kazi hiyo hupima kina cha maji tenkini na kuandika. Chukua meli ya mizigo yenye mabaharia 20, kila mmoja akitumia lita 150 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hizo ni lita 3,000, sawa na tani 3. Kama tenki lina tani 60, nahodha anajua ana siku 20, na kama safari ni siku 25 atatoa amri ya kubana matumizi tangu siku ya kwanza, hatangoja siku ya kumi na tisa. Aidha, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, meli inayosafiri nchi kwa nchi hubeba cheti cha usafi kinachodumu miezi 6, na wakaguzi wa afya bandarini huangalia tenki la maji kama sehemu ya ukaguzi huo. Tuulizane kwa upole: tenki la kijiji chako lilikaguliwa lini mara ya mwisho?

MELI ZETU ZA ZIWA NYASA

Si lazima twende baharini. Mbeya ina bandari zake, Itungi na Kiwira wilayani Kyela, na meli za Ziwa Nyasa zimekuwa zikifuata ukingo wa mashariki kupitia Lupingu na Manda hadi Mbamba Bay. MV Mbeya II, iliyojengwa Kyela, ilikusudiwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kwenye sehemu kubwa ya ukingo huo Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, na kwa miaka mingi chombo cha majini ndicho kimekuwa barabara ya wakazi wake.

Ziwa Nyasa ni maji matamu, hivyo mtu anaweza kufikiri kwamba huko hakuna tatizo. Ukweli ni kinyume chake. Anayeishi kando ya bahari hashawishiki kunywa maji ya bahari. Anayeishi kando ya ziwa huchota mita chache kutoka pale watu wanapooga, wanapofua, wanapoosha samaki na, mahali pasipo na vyoo, wanapojisaidia. Kyela imepata kipindupindu zaidi ya mara moja. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu nchi nzima, na Novemba 2017 ugonjwa huo ulizuka Karonga, ng'ambo ya mpaka upande wa Malawi, mwendo mfupi tu kutoka Kyela. Kipindupindu hakijui mpaka, na mitumbwi ya wavuvi na wachuuzi huvuka kila siku.

Kwa hiyo hata chombo cha ziwani kinahitaji tenki la maji yaliyotiwa dawa, na kijiji cha ziwani kinahitaji maji kutoka mlimani. Kwa bahati nzuri, milima ileile inayozuia barabara ndiyo yenye vijito. Hapo ndipo tunaporudi kwenye nyanda zetu za juu.

MAJI YAPO BONDENI, WATU WAPO MLIMANI

Mgeni anayefika Rungwe, Makete, Njombe au Mufindi kwa mara ya kwanza hushangaa kuambiwa kuna shida ya maji. Mvua ni nyingi, migomba imestawi, chai imekoza kijani, na kila bonde lina kijito. Lakini vijiji vingi vipo kwenye migongo ya vilima na maji yapo chini. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa kila mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu wasiozidi 250. Kaya ya watu 5 kwa kipimo hicho inahitaji lita 125, yaani ndoo kubwa 6 na zaidi kidogo. Kila ndoo ina kilo 20. Mama na binti zake wanaopanda mlima na ndoo 6 kila siku hawahitaji kuelezwa maana ya umbali. Kwa kawaida huchota ndoo 2 au 3, na kinachopunguzwa kwanza ni kunawa mikono na kufua.

Jibu lililofaa zaidi katika mikoa hii ni mradi wa maji ya mserereko. Chemchemi au kijito kilicho juu zaidi ya kijiji hujengewa banio, maji hupita kwenye chujio, huingia bomba kuu, hufika kwenye tenki na kusambazwa kwenye vituo. Hakuna injini, hakuna dizeli, hakuna umeme. Sultani Barghash wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 alileta maji ya chemchemi hadi Mji Mkongwe kwa mabomba, nasi huku milimani tuna mteremko ambao Zanzibar ingeuonea wivu.

Lakini mteremko una gharama zake. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba ndani ya bomba. Bomba la plastiki la daraja la 6 limetengenezwa kuhimili mita 60 za mteremko, la daraja la 10 mita 100. Kijiji kilicho mita 180 chini ya chanzo kisipojengewa matenki madogo ya kupunguza msukumo njiani, ambamo maji hufunguka hewani na kuanza safari upya, mabomba yatapasuka hata kama ni mapya. Tunasisitiza hili kwa sababu matenki hayo ndiyo huondolewa kwanza bajeti inapopungua. Yapo porini, hayana koki, hayapigwi picha siku ya uzinduzi. Vivyo hivyo valvu za kutolea hewa kwenye miinuko na za kutolea tope kwenye mabonde. Mfadhili anayeona mistari hiyo kwenye makadirio asidhani ni fundi anayetafuta ulaji.

Jambo la pili ni kupima chanzo. Huhitaji mtaalamu kutoka mbali kwa hatua ya kwanza. Zuia maji yapite kwenye kipande cha bomba, weka ndoo ya lita 20, na uhesabu sekunde kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 10, chanzo kinatoa lita 2 kwa sekunde, ambazo ni lita 172,800 kwa siku. Kwa lita 25 kila mmoja, maji hayo yangetosha watu 6,900. Mtu husikia hesabu hiyo akafurahi na kukimbilia kuandika barua. Asubiri kidogo. Alipima mwezi gani? Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei. Chanzo kilichopimwa Aprili kinasema uongo. Kipimo kinachofaa ni cha mwezi Oktoba, siku ambazo vumbi limejaa barabarani na chemchemi imebaki na kile ilicho nacho kweli. Chanzo chetu kikitoa Oktoba nusu lita kwa sekunde, watu watakaohudumiwa ni 1,700 tu, si 6,900. Tenki la usiku litasaidia kukusanya maji ya saa ambazo watu wamelala, lakini haliwezi kuongeza maji ambayo hayapo. Ndiyo hesabu ileile ya nahodha na tenki lake.

TULIKOTOKA

Katika jambo hili mikoa yetu ina historia ndefu kuliko mingi. Mwaka 1965 serikali iliamua kubeba gharama zote za ujenzi wa maji vijijini, na miaka michache baadaye ikabeba hata gharama za uendeshaji. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lilikuwa lengo jema na wazee wengi wanalikumbuka kwa heshima.

Mradi wa Wanging'ombe, wakati huo mkoani Iringa na sasa mkoa wa Njombe, ulijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, ukapeleka maji ya mserereko kutoka milimani hadi kwenye makumi ya vijiji vya uwanda mkavu. Kati ya 1980 na 1982 Tanzania na Denmark, kupitia shirika la Danida, ziliandaa mipango kabambe ya maji kwa mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na utekelezaji wake uliendelea hadi miaka ya 1990. Wanakijiji walichimba mitaro kwa mikono, kamati za maji zikaundwa. Mpaka leo katika vijiji vingi ukiuliza bomba lilikuja lini utaambiwa, "Wakati wa Danida."

Hata hivyo, ilipofika 1991 waliokuwa na huduma ya maji safi vijijini nchini kote walikuwa chini ya nusu. Pesa ya serikali haikutosha kujenga mipya na kutunza ya zamani. Injini za dizeli zilisimama kwa kukosa mafuta, na fundi wa wilaya hakuwa na usafiri. Sera ya 1991, na hasa ile ya 2002, zilibadili mwelekeo: wananchi wawe wenye mradi, na walipie uendeshaji na matengenezo.

Kubadili sera kwenye karatasi ni rahisi. Kubadili mazoea ya miaka 25 ni kazi nyingine. Nchi ilipohesabu vituo vyote vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana kwamba karibu vituo 4 katika kila 10 havikuwa vikitoa maji. Mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofanya vizuri, na mserereko una sehemu yake katika hilo. Takwimu hizo zilionyesha pia kwamba vituo ambavyo watumiaji hawalipi chochote ndivyo vilivyolala zaidi.

KOKI YA SHILINGI CHACHE

Tukitembelea mradi uliokufa, ni mara chache tunakuta chanzo kimekauka. Mara nyingi chanzo kipo na maji yanamwagika. Kilichovunjika ni kiungio kimoja pale bomba linapovuka korongo, au mpira wa koki umekwisha, au banio limejaa mchanga ambao watu wanne wangeutoa kwa nusu siku. Koki inayovuja huachwa wazi, matope hujaa, ng'ombe huja kunywa, na akina mama hurudi mtoni. Mwaka unaofuata bomba lililo kavu linang'olewa au linachomwa na moto wa shamba kwa kuwa halikufukiwa vya kutosha. Miaka 3 baadaye kamati mpya inaandika barua kuomba mradi mpya.

Kwenye mikutano yetu mzee mmoja au mwingine husimama akasema maji ni ya Mungu, iweje tuyalipie? Hoja hiyo isidharauliwe. Maji ya chemchemi hayana mwenyewe, na hakuna mtu anayestahili kukosa maji ya kunywa kwa kuwa ni maskini. Lakini bomba lilinunuliwa dukani, koki ilinunuliwa dukani, na fundi ana watoto wanaokula. Mchango ni wa vitu hivyo. Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 300. Kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka mzima zinapatikana shilingi 3,600,000. Kaya 30 za wajane, wazee na wagonjwa zikisamehewa, bado zinabaki 3,240,000. Kwa mradi wa mserereko fedha hiyo inaweza kumlipa fundi posho, kununua vipuri na kubakiza akiba. Kwa mradi wa pampu haitoshi, na kamati iseme hivyo mapema badala ya kuficha.

Ugumu halisi hauko kwenye kiasi. Uko kwenye imani. Watu wako tayari kutoa shilingi 1,000, hawako tayari kutoa shilingi 1,000 isiyojulikana ilikokwenda. Tumeona zaidi ya mara moja fedha ya maji ikikopwa kwa mazishi, kwa mwenge, kwa karo ya mtoto wa mjumbe, kila mara kwa sababu inayoeleweka, mpaka siku bomba linapasuka na daftari halina kitu. Vijiji vilivyofanikiwa huwa na mambo ya kawaida kabisa: akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, mapato na matumizi yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo au kusomwa mkutanoni, na mweka hazina ambaye kila mtu anamjua. Mara nyingi mweka hazina huyo ni mama, na sababu ni rahisi, koki ikikauka yeye ndiye wa kwanza kuteremka bondeni. Na awepo fundi wawili, si mmoja, vijana wa hapohapo waliokuwepo mtaro ulipochimbwa na wanaojua bomba limepita wapi. Kijana mmoja akienda kutafuta maisha Makambako au Tunduma, mwingine abaki.

PASIPO NA CHEMCHEMI

Si kila mahali pana mserereko. Tarafa ya Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, ni kavu, na sehemu za Usangu ni tambarare. Huko kunahitajika kisima kirefu chenye pampu, siku hizi mara nyingi ya umeme wa jua, au kuvuta maji kutoka mbali sana. Jua ni la bure, ila pampu na vifaa vyake vina umri, na akiba ya kuvinunua upya lazima ianze mwaka wa kwanza.

Mahali kama hapo paa la kanisa au la shule lisiachwe hivihivi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 200, mahali penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, likipoteza moja ya tano, huvuna lita 80,000. Ukisema kila mtu achote apendavyo, yataisha kabla ya Pasaka haijasahaulika. Ukiyapima kama nahodha, yanawatosha wanafunzi 400 lita 1 ya kunywa kwa siku kwa siku 200. Hapo lazima tenki liwe kubwa kiasi hicho, na tenki hugharimu kuliko mabati, kwa hiyo bajeti ianzie kwenye tenki. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe paa, na mfuniko wa tenki ufungwe kwa kufuli.

MAJI SAFI NA MAJI SALAMA

Maji ya chemchemi huwa meupe na baridi, na watu huyaamini kwa macho. Macho hayaoni vijidudu vya homa ya matumbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na sheria hiyo huvunjwa kwa vinyungu, kwa mifugo na kwa mikaratusi. Mkaratusi hunywa sana na haufai kando ya chemchemi, hata kama mbao zake zina bei. Miti ya asili kama mivengi ndiyo inayofaa. Bonde zima laweza kuchoka: Ruaha Mkuu, ambao maji yake hutoka kwenye milima hiihii yetu na kupitia Usangu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993.

Kuchemsha maji bado ni njia nzuri. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama sehemu nyingi za Njombe na Makete, maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100. Baadhi huuliza kama hayo yanaua vijidudu. Yanaua, mradi yachemke kwa kutokota na si kupata moto tu. Pale kuni ni haba, dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa inatosha, kama maji hayana tope. Na baada ya kutibiwa maji yakae kwenye chombo chenye mfuniko na yatolewe kwa kata yenye mpini mrefu au kwa koki, maana kikombe kinachozamishwa na kila mkono kinaharibu kazi yote iliyotangulia. Mabaharia huufunika mpira wao kwa sababu hiyohiyo.

KABLA YA KUANDIKA BARUA

Sheria imebadilika na baadhi ya kamati bado zinafuata ya zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2019 huduma ya maji vijijini ipo chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioundwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Mradi huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi hukiita kwa kifupi CBWSO. Parokia au usharika unaweza kujenga, kuchangia na kusimamia ujenzi, lakini bomba likipita kijijini mwendeshaji ni chombo hicho. Tunajua baadhi ya mapadre na wachungaji hawalipendi jambo hili, hasa pale mradi ulipojengwa kwa jasho la waumini. Ushauri wetu ni kukaa na meneja wa RUWASA wa wilaya kabla ya kununua bomba la kwanza, ili nafasi ya wanakamati waliojenga ndani ya chombo hicho, bei ya maji na misamaha ya wasiojiweza viandikwe mapema.

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja lililo gumu kidogo. Msaada wenu usiishie siku ya kukata utepe. Mkitoa fedha ya kilomita 6 za bomba pamoja na mafunzo ya mafundi wawili, seti ya vifaa, na ziara za ufuatiliaji kila miezi 6 kwa miaka 3, mmetoa zaidi kuliko aliyetoa kilomita 7 na kuondoka. Tunajua kilomita 7 huonekana vizuri zaidi kwenye taarifa ya mwaka.

Kwa kamati, barua ije na mambo haya: kipimo cha chanzo cha mwezi Oktoba kikiwa na tarehe na majina ya waliopima, idadi ya kaya, pamoja na zile zitakazosamehewa, mihtasari ya mkutano wa kijiji uliokubali mchango, na picha ya daftari la fedha kama mradi wa zamani upo. Kama ule wa zamani umekufa, elezeni kilichouua. Hatutaitupa barua kwa sababu ya ukweli huo.

Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde husika. Ofisi ya Bonde la Rufiji ipo Iringa mjini, ya Bonde la Ziwa Rukwa ipo Mbeya, na ya Bonde la Ziwa Nyasa ipo Tukuyu. Vijiji jirani vyaweza kuwa kwenye mabonde tofauti, hivyo ulizeni kwanza mto wenu unamwaga wapi.